Wengi wape, lakini wape vyote?

Mwaka 1957 bunge la jimbo la Alabama, Marekani, liliuchora upya mji wa Tuskegee. Kabla ya hapo mji ulikuwa mraba, pande nne zilizonyooka. Ulipotoka mikononi mwa wachoraji ulikuwa na pande 28. Mstari wa mpaka ulikata, ukapinda, ukarudi nyuma, ukaikwepa nyumba hii na kuikumbatia ile, na ulipomaliza safari yake wapiga kura weusi wapatao 400 walijikuta nje ya mji. Ndani walibaki wanne au watano. Mzungu hata mmoja hakutolewa. Chuo cha watu weusi kilichoufanya mji huo ujulikane duniani, Tuskegee Institute, nacho kikawa nje ya Tuskegee.

Hakuna aliyefukuzwa nyumbani kwake. Watu waliamka kwenye vitanda vilevile, na kura ya jimbo na ya taifa bado walikuwa nayo. Walichonyang'anywa ni kitu kimoja tu: kuchagua watu wa kuuendesha mji wanaouona kila siku dirishani. Profesa mmoja wa chuo hicho, Charles Gomillion, alikwenda mahakamani, na Novemba 1960 majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakakubaliana wote kwamba kama madai yake ni ya kweli, mchoro ule umevunja katiba.

Kisa cha Tuskegee ni chepesi. Mtoto wa shule ya msingi ukimwonyesha ramani ile atajua kuna mchezo. Kazi iko kwenye miji ambayo mpaka wake umenyooka, daftari la wapiga kura halina kasoro, kura zimehesabiwa mbele ya mawakala wa pande zote, na bado jamii yenye theluthi moja ya wakazi haijawahi kuona mtu wake akila kiapo cha udiwani. Miji ya namna hiyo ni mingi kuliko Tuskegee, na wakuu wake hushangaa kweli wakiambiwa kuna tatizo.

Jibu lao huwa ni lile lile tulilolizoea: wengi wape. Ni usemi wa busara na umemaliza ugomvi mwingi. Ila usemi wenyewe haukutaja kiasi. Walio sita katika kumi wapewe viti sita katika kumi, au wapewe vyote kumi? Ubishi wote kuhusu wachache kwenye mabaraza ya miji, ukiuvua maneno makubwa, unabaki swali hilo.

Tuchukue jiji la kufikirika lenye wapiga kura 10,000 na viti saba vya udiwani. Elfu sita ni wa jamii moja, elfu nne ni wa nyingine, na siku ya kura kila mtu anawapigia wa kwao. Jiji zima ni jimbo moja: kila mpiga kura anapewa karatasi yenye majina yote na anaweka alama kwenye majina saba. Wagombea saba wa jamii kubwa wanapata kura 6,000 kila mmoja. Wagombea saba wa jamii ndogo wanapata 4,000 kila mmoja. Wapange kuanzia juu, ukate kwenye nafasi ya saba. Viti vyote vimekwenda upande mmoja. Asilimia 40 ya jiji imepanga foleni, imepiga kura, imehesabiwa kwa haki, na imeambulia sifuri. Rudia uchaguzi mara kumi utapata jibu hilohilo. Mwizi hayupo, na ndiyo maana ni vigumu hata kujua pa kupeleka malalamiko.

Utaratibu huu haukushuka kutoka mbinguni. Ulienea Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na waliousukuma walijiita wanamageuzi. Mji wa Galveston, Texas, ulipobomolewa na kimbunga cha mwaka 1900, uliundiwa serikali ya makamishna wachache wa mji mzima badala ya madiwani wa kata, na miji mingine ikaiga mbio mbio. Hoja yao ilisikika vizuri: diwani wa kata ni mtu wa kugawia jamaa zake vibarua na kuvutia kila barabara ipite kwake, wakati mtu aliyechaguliwa na mji wote ataufikiria mji wote. Sikatai kwamba kulikuwa na ukweli humo. Lakini kata zilizofutwa ndizo zilizokuwa zikimpa mhamiaji, kibarua na mtu mweusi mlango wa kugonga. Na kugombea mji mzima kunataka fedha, jina na marafiki wenye magazeti. Wapo waliosukuma mageuzi hayo kwa nia safi, na wapo waliojua fika nani ataachwa nje. Hesabu haikuwauliza nia.

Mahakama, kwa muda, iliuliza. Mji wa Mobile, Alabama, uliendeshwa na makamishna watatu tangu 1911, wote wakichaguliwa na mji mzima. Weusi walikuwa karibu theluthi moja ya wakazi na hakuna hata mmoja aliyewahi kushinda. Wiley Bolden na wenzake walishtaki, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1980 wakajibiwa kwamba matokeo peke yake hayatoshi: waonyeshe kuwa mfumo uliwekwa kwa nia ya kubagua. Hebu fikiria kazi hiyo. Uingie kwenye vichwa vya watu waliokwisha kufa, uwakute na wazo baya, ulitoe ukalionyeshe mbele ya jaji. Mwaka 1982 Bunge la Marekani liliirekebisha Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 ili ipime matokeo, nia isiwe sharti. Papo hapo likaongeza sentensi moja ya tahadhari: sheria hii haimpi mtu yeyote haki ya viti kulingana na idadi ya watu wake. Mlango ulifunguliwa, lakini mnyororo haukutolewa.

Kuanzia hapo dawa iliyozoeleka ikawa kata. Gawanya jiji vipande saba, kila kipande kimchague mtu wake, na mahali jamii ndogo ilikojaa itashinda kiti chake. Dawa hii huponya. Mfano ninaoupenda ni Yakima, jimbo la Washington, mji wa mashamba ya matofaa na hopsi, mmea wa kutengenezea bia. Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walifika zaidi ya asilimia 40 ya wakazi, na bado hakuna Mlatino aliyewahi kuchaguliwa kwenye baraza chini ya mfumo wa miaka karibu 40. Katika raia wenye umri wa kupiga kura walikuwa pungufu sana ya hapo, karibu robo tu, na wale wengine waliwapigia wagombea wao kwa pamoja. Mwaka 2014 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba mfumo huo unavunja sheria, na mwaka 2015 akaamuru kata saba. Uchaguzi wa Novemba 2015 ukaingiza wanawake watatu wa Kilatino kwa mpigo: Dulce Gutiérrez, Carmen Méndez na Avina Gutiérrez. Wapiga kura hawakubadilishwa. Kilichobadilika ni mistari kwenye ramani.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua kuhusu dawa hii, maana wanaoisifu hulipita haraka. Kata humsaidia mchache pale tu anapoishi amebanana na wenzake. Rudi kwenye jiji letu la wapiga kura 10,000. Kama wale 4,000 wamejaa mitaa ya upande mmoja, watapata kata mbili au tatu. Kama wamechanganyika na wenzao mtaa kwa mtaa, mlango kwa mlango, kila kata itakuwa na asilimia 40 yao na watashindwa zote saba. Yaani jiji lililotenga watu wake kwa ubaguzi wa nyumba linawapa viti, na jiji lililowaruhusu wajipangie popote linawanyima. Mahakama ya Juu yenyewe, katika kesi ya Thornburg v. Gingles ya mwaka 1986, iliweka masharti ya kushinda madai ya namna hii, na la kwanza ni kwamba jamii iwe kubwa na iliyokaa pamoja kiasi cha kuwa wengi ndani ya jimbo moja la uchaguzi. Familia ikipata kipato kizuri ikahamia upande wa pili wa mji, imepunguza nguvu ya kura ya jirani zake wa zamani. Sijui ni sera gani nyingine inayowaadhibu watu kwa kufanya kile ambacho jamii nzima inadai inakitaka.

Halafu kata zina mwenye kalamu. Akitaka kuwadhoofisha wachache ana njia mbili, na zote hazimtoi jasho: awasambaze, wawe kidogo kila mahali, au awashindilie wote kwenye kata moja washinde kwa asilimia 90 na kura zao za ziada zioze humo humo. Njia ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu inapendeza machoni. Diwani mmoja ameingia, picha imepigwa, na jiji linaweza kusema lina uwakilishi.

Diwani mmoja wa namna hiyo hufanya nini? Anapiga kura ya hapana, inaandikwa sita kwa moja, kikao kinaendelea. Mobile, mwishowe, ulipata kitu tofauti. Mwaka 1985 mji uliacha makamishna, ukaweka kata saba, na uchaguzi wa kwanza ukaleta madiwani watatu weusi na wanne weupe. Lakini sheria iliyounda baraza hilo ilikuwa na kifungu ambacho kwangu kina uzito kuliko ramani: jambo halipiti bila kura tano kati ya saba. Wanne hawatoshi, sharti wamtafute mtu upande wa pili. Kwa hiyo watatu wale hawakuwa wageni waalikwa. Bila hata mmoja wao bajeti ilikuwa haisogei. Ukiambiwa jiji lina madiwani wangapi wa jamii ndogo, uliza na swali la pili, kwamba kura ngapi zinahitajika kupitisha bajeti.

Kuna kikwazo kingine ambacho ramani haikioni kabisa, nacho ni tarehe. Ferguson, Missouri, ulijulikana dunia nzima Agosti 2014 baada ya polisi kumuua kijana Michael Brown kwa risasi. Mji wa watu wapatao 21,000, theluthi mbili weusi. Hapa wachache wa barazani walikuwa wengi wa mitaani, na bado katika madiwani sita mmoja tu alikuwa mweusi. Kata zilikuwepo. Ila uchaguzi wa mji ulifanyika Aprili, peke yake, mbali na Novemba ambapo watu humchagua rais, na Aprili ile ya 2014 walijitokeza karibu asilimia 12 ya waliojiandikisha. Wenye nyumba wazee hawakosi siku hiyo. Mpangaji mwenye kazi mbili, aliyehamia mwaka juzi, hata tangazo hajaliona.

Wanaosema udiwani ni mambo ya taka na taa za barabarani, wasome ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya Machi 2015 kuhusu mji huo. Ilikuta polisi na mahakama ya mji wakiendeshwa kama mradi wa kukusanya mapato. Faini ya kuacha majani yarefuke uani ilianzia dola 77 na kufika 102, ilhali kwenye mji mmoja wa jirani kosa hilohilo liliweza kukugharimu dola tano. Nani anapitisha makadirio ya mapato ya faini? Baraza. Nani ana majani marefu? Mara nyingi ni yule ambaye siku ya Aprili alikuwa kazini. Uchaguzi uliofuata, wa Aprili 2015, watu walijitokeza kama mara mbili na nusu ya awali, na madiwani weusi wakawa watatu kati ya sita. Tarehe ilibaki ileile, ila safari hii kila mtu aliijua. Ghadhabu ilifanya kazi ambayo kalenda ingeifanya kila mwaka bila mtu kufa.

Kuhusu tiba yenyewe, mimi niko upande wa uwiano, na sitajificha nyuma ya maneno ya "kila mfumo una faida na hasara zake". Rudi tena kwenye karatasi yenye viti saba. Mpe kila mtu kura moja ya kupanga wagombea kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu na kuendelea. Atakayepita moja ya nane ya kura zote ana kiti. Kura zake za ziada zinakwenda kwa chaguo linalofuata, na anayeshika mkia anatolewa, kura zake nazo zinahama. Moja ya nane ya 10,000 ni 1,250. Wale 4,000 wana uhakika wa viti vitatu, wale 6,000 vinne. Wengi wamepewa, na bado wana wingi barazani. Hakuna aliyechora ramani, hakuna aliyeuliza mtu anaishi wapi wala rangi yake. Wachache wanaohusika wanajitambulisha wenyewe kwa kura: leo wanaweza kuwa Walatino, kesho wapangaji, keshokutwa watu wenye ulemavu ambao hawana mtaa wao popote duniani na ambao hakuna kata itakayowasaidia kamwe.

Njia nyingine ya kufika karibu na hapo ni kumruhusu mtu arundike kura. Wilaya ya Chilton, Alabama, ilianza hivyo mwaka 1988: viti saba, kila mpiga kura ana kura saba, na akitaka anampa mtu mmoja zote. Weusi walikuwa karibu mmoja kati ya kumi. Bobby Agee aliingia, na aliongoza kwa kura kuliko wagombea wote. Juzi juzi tu, mwaka 2024, Portland, Oregon, uliacha makamishna uliokuwa nao tangu 1913, ukachagua madiwani 12 kutoka maeneo manne, watatu kila eneo, kwa kupanga namba. Robo ya kura za eneo na moja juu yake inatosha kupata kiti.

Viti maalum ni njia ya kasi zaidi, na mahali ambapo chuki ni kali huenda ndiyo pekee. Ila angalia nani anamweka mtu kwenye kiti hicho. Nchini India, tangu marekebisho ya katiba ya 1992, mabaraza ya miji hutenga viti kwa ajili ya Madalit, watu wa tabaka walioitwa "wasioguswa", na makabila ya asili kulingana na idadi yao. Mgombea lazima atoke humo, lakini kata nzima inapiga kura, kwa hiyo anayeshinda anaweza kuwa yule aliyewapendeza wengine. Ni mzozo wa zamani, Ambedkar, kiongozi wa Madalit, na Gandhi waliugombania mwaka 1932. New Zealand ilikwenda njia nyingine: kata za Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, huchaguliwa na walio kwenye daftari la Wamaori. Lakini kwa miaka mingi baraza likiamua kuanzisha kata hizo, asilimia tano ya wapiga kura waliweza kudai kura ya maoni ya mji mzima. Kata za kawaida hazikuwa na masharti hayo. Mwaka 2015 New Plymouth waliulizwa kama Wamaori wapewe kata moja, na asilimia 83 wakakataa. Yaani wengi ndio walioulizwa kama wachache wana shida na wengi. Bunge lilifuta utaratibu huo mwaka 2021, na mwaka 2024 serikali mpya ikaurudisha.

Yapo mapingamizi ya kuheshimu. Kwani lazima mweusi awakilishwe na mweusi? Hapana, na wapo madiwani wa jamii ndogo waliowauza watu wao mchana kweupe. Lakini swali hilo huulizwa upande mmoja tu; sijasikia baraza la weupe saba likiulizwa kwa nini wengi lazima wawakilishwe na wengi. Mtu apewe uwezo wa kumchagua anayemtaka. Akimchagua wa jamii nyingine kwa hiari yake, shauri lake. Pingamizi la pili, kwamba uwiano utaleta baraza lenye vikundi visivyoelewana, nalo ni la kweli kiasi. Baraza lenye sauti tofauti linachelewa kumaliza kikao.

Tatizo kubwa la uwiano sijaliona kwenye nadharia. Nimeliona Cincinnati, Ohio. Mji huo ulichagua madiwani wake tisa kwa kupanga namba tangu 1925, na baraza ndilo lililomchagua meya kutoka miongoni mwao. Mwanasheria mweusi Theodore Berry aliingia mwaka 1949, na kufika 1955 alikuwa makamu wa meya. Hatua iliyokuwa imebaki ilikuwa moja, na kila mtu aliweza kuihesabu. Wapinzani wa mfumo walikuwa wamejaribu kuufuta kwa kura ya maoni mara nne, wakashindwa mara nne. Mara ya tano, mwaka 1957, kampeni ilinong'ona mitaani kwamba mfumo ukibaki meya atakuwa mweusi, na safari hii wakashinda. Mwaka huohuo ukafanyika uchaguzi kwa utaratibu mpya: mji mzima, alama tisa, walio juu wanaingia. Berry, makamu wa meya, alimaliza wa 14. Umeya aliupata mwaka 1972.